Maagizo Yaliyotolewa Uwanja Ukiwa Mtupu

Mwalimu-mwanafunzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza hubeba vitu viwili: andalio la somo, na imani kwamba andalio hilo litatimia kama lilivyoandikwa. Sisi tumekaa katika kazi hii kwa miaka mingi, na bado imani hiyo hutushika. Katika makala haya twapenda kusimulia jinsi ilivyotuaibisha siku moja mbele ya watoto wa darasa la pili, hapa Lushoto, na jinsi chombo tulichokilaumu kilivyotufunza jambo la ualimu ambalo tulidhani tunalijua. Chombo chenyewe ni programu ya kompyuta ya kuandikia maandishi. Msomaji ambaye hajazoea kompyuta asiogope. Tutaeleza hatua kwa hatua, kisha tutarudi darasani, maana huko ndiko kisa kilikoanzia.

Anayeijua Milima ya Usambara atakumbuka barabara ipandayo toka Mombo, kona baada ya kona, ikapita Soni hadi Lushoto mjini. Huku juu mwezi wa Julai ni mwezi wa baridi. Asubuhi ukungu hutanda toka upande wa msitu wa Magamba, na darasa lenye madirisha madogo huwa na giza hata saa nne. Katika giza hilo chaki kwenye ubao uliochakaa haisomeki vizuri na walioketi nyuma. Kwa sababu hiyo, tulipopata projekta ya kutupia maandishi ukutani, tulifurahi sana. Tuliazimia kufundisha kusoma kwa sentensi fupi, kwa herufi kubwa, ili kila mtoto aone sawa na mwenzake.

Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu na yenye kwenda polepole. Fundi aliyetusaidia alituwekea programu huria, ambazo hazidai ada ya kila mwaka. Kwa maandishi alituwekea Emacs. Programu hii ina historia ndefu: ya kwanza yenye jina hilo ilitengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1976, na GNU Emacs, ambayo ndiyo inayotumiwa hadi leo, ilitolewa kwa umma na Richard Stallman mwaka 1985. Haina mapambo mengi, lakini humruhusu mtumiaji kuandika katika faili maalumu maagizo ya jinsi anavyotaka ifanye kazi: ukubwa wa herufi, rangi, na mambo mengine mengi. Kila iwashwapo, hulisoma faili hilo na kutii.

Sisi tuliandika agizo la herufi kubwa. Lakini mwenzetu mmoja hupenda kuitumia programu hiyo katika kioo cha maandishi matupu, kile cha kuandikia amri, ambapo programu haina uwezo wa kubadili ukubwa wa herufi. Kwa hiyo tuliweka sharti, nasi tukajiona tumefanya busara. Tuliandika hivi: ikiwa kuna kioo cha michoro, tumia herufi kubwa, ikiwa hakuna, acha kama zilivyo. Siku ya kuamkia somo tulijaribu. Tuliwasha programu, herufi zikatokea kubwa kama viganja. Tukafunga kompyuta, tukaenda kulala tukiwa na mioyo myeupe.

Asubuhi yake darasa lilijaa. Tulifungua maandishi yetu na sentensi ya kwanza ikatokea ukutani: *Mama analeta kuni.* Herufi zilikuwa ndogo kuliko tulivyotarajia. Tuliona, lakini muda ulikuwa unakwenda na walimu-wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamesimama kando wakitutazama. Tukaendelea. Tulimwita mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa dawati la nyuma kabisa. Alisimama, akakaza macho, akasoma kwa sauti safi: "Mama analeta kumi."

Darasa likacheka. Tukamwambia, "Tazama vizuri." Akatazama tena. "Mwalimu, mimi naona kumi." Tukamwambia, kwa ukali kidogo ambao leo twaujutia, kwamba asome kilichoandikwa na si anachokisia. Akaketi, akainamisha kichwa, na hakunyosha mkono tena hadi kipindi kikaisha.

Watoto walipotoka kwenda kucheza, mwenzetu alikwenda kuketi katika dawati lile la nyuma. Alikaa kimya kwa muda, kisha akatuita. Sisi nasi tukaketi pale, mmoja baada ya mwingine. Kwa haki yote, tuliona *kumi*. Herufi *n* na *m*, zikiwa ndogo na hafifu ukutani, hazikuwa na tofauti yoyote kwa macho yaliyo mbali. Mtoto alikuwa amesoma kwa usahihi kile alichokiona. Aliyekosea hakuwa yeye.

Basi, kama ilivyo desturi ya wanadamu, tulitafuta mwingine wa kulaumu, tukailaumu kompyuta. Tulisema imekaidi: jana imetii na leo imegoma. Fundi alipopanda toka Mombo siku ya Jumamosi, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Jana yake mliiwasha kwa njia gani, na siku ya somo mliifungua kwa njia gani?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hatukujua kwamba njia zilikuwa mbili.

Maelezo yake yalikuwa kama ifuatavyo. Kwa kuwa kompyuta yetu ilikuwa nzito kuamka, fundi alikuwa ameipanga Emacs ifanye kazi kwa mtindo wa seva na mteja. Tangu toleo la 23, lililotoka mwaka 2009, programu hii yaweza kuwashwa ikakaa nyuma ya pazia, haina dirisha hata moja, ikisubiri kuitwa. Hiyo ndiyo seva. Husoma faili la maagizo mara moja tu, pale inapoamka. Baadaye mtumiaji anapotaka kuandika, huita programu nyingine ndogo, iitwayo mteja, nayo humwambia seva: nifungulie dirisha. Dirisha hufunguka mara moja, pasipo kusubiri, kwa maana kazi ngumu ya kuamka imekwisha kufanyika. Dirisha likifungwa, seva haifi. Maandishi yaliyofunguliwa hubaki humo mpaka atakaporudi mtu.

Jana yake tuliiwasha Emacs peke yake, moja kwa moja, kioo kikiwa mbele yetu. Ilisoma maagizo, ikauliza: je, kuna kioo cha michoro? Jibu likawa ndiyo, nayo ikakuza herufi. Siku ya somo kompyuta iliwashwa asubuhi na seva ikaamka yenyewe kabla mtu yeyote hajaingia. Ilisoma maagizo yale yale, ikauliza swali lile lile. Lakini wakati ule haikuwa na dirisha lolote. Jibu likawa hapana, nayo ikaliruka agizo letu na kuendelea. Tulipokuja baadaye na mteja wetu na projekta yetu, dirisha lilifunguliwa kwa herufi za kawaida. Seva haikuuliza mara ya pili, kwa sababu hatukuiambia iulize mara ya pili. Haikukaidi hata kidogo. Ilitii kwa uaminifu kamili, katika saa ambayo utii wake haukuwa na faida.

Hapa yafaa tuondoe utata mmoja ambao huwasumbua wengi. Katika mfumo wa madirisha uitwao X, ambao ulianzia MIT mwaka 1984 na ndio uliokuwa katika kompyuta yetu, jina la seva hupewa yule anayemiliki kioo, kibodi na kipanya. Programu yoyote inayotaka kuchora kitu juu ya kioo hicho huitwa mteja wake. Kwa hiyo Emacs yetu ilikuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayetaka kuandika, ni seva, maana yeye ndiye anayeiomba. Kwa kioo, ni mteja, maana yenyewe ndiyo inayoomba nafasi ya kuchora. Wala si ajabu. Mwalimu mkuu ni mkubwa mbele ya walimu wake, na ni mwombaji mbele ya Ofisi ya Elimu ya wilaya. Cheo hutegemea nani anaomba na nani anatoa. Programu ndogo ya mteja inapomwita seva, humpelekea pamoja na ombi anwani ya kioo alichoketi mbele yake mtumiaji. Ni kwa anwani hiyo tu seva hujua iende kuchora wapi. Kabla ya hapo, kuiuliza habari za kioo ni sawa na kumwuliza mwalimu urefu wa mtoto ambaye bado hajaandikishwa shule.

Tulipoelewa hivyo, tulikumbuka jambo tuliloliona mara nyingi mashuleni. Mwalimu wa zamu mwenye bidii hufika saa kumi na mbili na nusu. Husimama uwanjani na kutangaza: watoto wa darasa la pili leo waketi madawati ya mbele. Tangazo ni sahihi na sauti yake ni kubwa. Lakini uwanja ni mtupu. Watoto wanaoteremka toka vitongoji vya mbali bado wako njiani katika ukungu. Wakifika hukaa wanapokaa siku zote, naye hukasirika kwamba hawasikii. Faili letu la maagizo lilikuwa tangazo la namna hiyo.

Je, dawa ni nini? Fundi alitufundisha njia mbili, nasi tutazieleza kwa mfano uo huo wa shule. Njia ya kwanza ni kuliandika tangazo mlangoni, ili kila aingiaye alikute. Katika Emacs iko orodha iitwayo `default-frame-alist`. Yaliyoandikwa humo hayamhusu yeyote wakati yanapoandikwa. Huhifadhiwa tu, na kila dirisha jipya linapozaliwa huzaliwa nayo. Ukubwa wa herufi ukiwekwa humo, hapana haja ya kuuliza kama kioo kipo. Njia ya pili ni kumweka mwalimu mlangoni ampokee kila mtoto, amtazame, kisha amwelekeze. Iko orodha nyingine, iitwayo `after-make-frame-functions`, ambamo huwekwa kazi za kufanywa kila mara dirisha linapokwisha kufunguliwa. Kazi hiyo hukabidhiwa dirisha lenyewe, nayo yaweza kuuliza: wewe u dirisha la michoro au la maandishi matupu? Swali ni lile lile tulilouliza sisi. Tofauti ni kwamba sasa laulizwa wakati mwenye jibu yupo.

Tulichagua njia ya pili, kwa sababu ya mwenzetu wa kioo cha maandishi matupu. Tena hatukulifuta agizo la mwanzo, maana siku programu inapowashwa peke yake, dirisha lake la kwanza hufunguliwa kabla faili la maagizo halijasomwa, na kazi ya mlangoni humpita mgeni huyo wa kwanza. Tulijaribu, tukafurahi. Furaha hiyo ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu mwenzetu mwingine, aliyekuwa ameketi ofisini akiandika mtihani katika dirisha lake, alitulalamikia. Kila mara tulipofungua dirisha la projekta, maandishi yake yaliruka yakawa makubwa hata maneno manne yakajaza kioo. Tulichunguza, tukagundua kosa la pili. Amri ya kubadili sura ya herufi huweza kupewa jina la dirisha moja, au kuachwa bila jina. Ikiachwa bila jina, huyahusu madirisha yote yaliyopo na yatakayokuja. Sisi tulikuwa tumemwuliza mgeni mmoja hali yake, kisha tukatangazia nyumba nzima. Ni sawa na mwalimu anayegundua kwamba mtoto mmoja haoni vizuri, akaamuru darasa zima lisogee ukutani. Tulitaja dirisha katika amri, na tangu hapo kila mmoja alipata herufi zinazomfaa, ingawa maandishi yote yalikuwa katika seva moja.

Twapenda kuongeza jambo la tatu, kwani linakamilisha picha. Ile asubuhi ya aibu, baada ya sentensi ya tatu, tulikuwa tumejaribu kukuza herufi kwa mkono, kwa vibonyezo vya kukuzia. Zilikua. Lakini tulipofungua ukurasa wa pili, uliokuwa katika faili jingine, zilirudi kuwa ndogo, nasi tukaona tumechezewa. Ukweli ni kwamba ukuzaji ule hushikamana na maandishi yale yaliyokuzwa, wala haushikamani na dirisha. Basi ziko ngazi tatu: yapo mambo ya seva nzima, yapo ya dirisha moja, na yapo ya maandishi mamoja. Agizo lililo jema katika ngazi moja laweza kuwa bure, au hata kuwa na madhara, likiwekwa katika ngazi nyingine.

Sasa turudi darasani, ndugu walimu-wanafunzi. Hatukuandika haya yote ili mjue Emacs. Wengi wenu mtapangiwa shule ambazo hata umeme haujafika, na ubao utakuwa ndio kioo chenu. Tumeandika kwa sababu makosa yetu mawili, la kumkemea mtoto na la kuilaumu programu, yalikuwa kosa moja lenye nguo mbili. Kotekote tulikuwa tumetoa maagizo kabla mpokeaji hajawapo, kisha tukamhukumu mpokeaji kwa yale aliyoyapokea.

Andalio la somo huandikwa usiku, mezani, penye taa. Darasa halipo pale. Hilo si kosa, wala hatusemi andalio liachwe. Seva isiyosoma maagizo haina kazi. Lakini yampasa mwalimu kutenganisha anayoweza kuyaamua usiku na yale yasiyoweza kuamuliwa mpaka watoto wafike. Mada, lengo, sentensi zitakazosomwa na mpangilio wake, hayo ni ya seva. Yaamuliwe mapema na yashikwe. Nani aketi wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, nani aanze kusoma na nani asubiri, hayo ni ya dirisha. Yaachiwe nafasi katika andalio, yaamuliwe mlangoni. Wakulima wa mifereji huku milimani wanaijua hekima hii. Huzipanga zamu za maji mapema, lakini upana wa kufungua njia ya maji huamuliwa na yule aliyesimama shambani siku hiyo, akiutazama udongo wake.

Tangu siku ile tumejiwekea taratibu chache, nasi twazipendekeza kwenu. Kwanza, kabla ya kipindi, andikeni neno moja ubaoni kisha mkaketi dawati la nyuma kabisa, katika mwanga ule ule watakaosomea watoto. Pili, jaribuni zana kwa njia ile ile mtakayoitumia darasani, si kwa njia iliyo karibu nayo. Jaribio letu la usiku lilifaulu, na kufaulu kwake ndiko kulikotudanganya. Tatu, kwa kila agizo jiulizeni: hili ni la darasa zima, la mtoto huyu, au la zoezi hili tu? Nne, jibu lisilotarajiwa la mtoto lichukueni kama habari kabla hamjalichukua kama kosa. Kuuliza si ujinga. "Unaona nini?" ni swali linalogharimu nusu dakika, na lingetuokoa na kipindi kizima cha dhuluma.

Imebaki habari ya mtoto. Jumatatu iliyofuata tulikwenda tena katika darasa lile. Herufi zilitokea ukutani kubwa na nyeusi. Kabla ya kuanza, tuliwaambia watoto wote kwamba siku ile mwenzao alisoma sawasawa alichokiona, na kwamba waliokosea walikuwa walimu, kwa kuandika maneno madogo yasiyosomeka toka nyuma. Tukamwomba radhi mbele ya wenzake. Tuliona walimu-wanafunzi kadhaa wakitazamana, kana kwamba heshima ya mwalimu imeanguka. Tulimwacha aendelee kuketi nyuma, kwa hiari yake, kisha tukamwuliza mama analeta nini.

Alikaza macho kidogo, kwa mazoea. Halafu akacheka, akasema, "Kuni, Mwalimu." Akaongeza, bila kuulizwa, "Leo zinaonekana."